Daftari la Fundi Cherehani na Sera ya Faragha ya Kozi Yako

Ukitoka kituo cha mabasi cha Satwa hapa Dubai ukaingia mitaa ya nyuma, hutakwenda mbali kabla hujakutana na milango ya aina mbili. Wa kwanza ni wa fundi cherehani. Satwa ni mtaa wa mafundi na vitambaa tangu zamani, na fundi akikupokea hana maneno mengi. Anavuta utepe, anapima mabega, kiuno na urefu wa mkono, anaandika tarakimu kwenye daftari, jina lako moja, nambari ya simu, kisha anabana kipande cha kitambaa chako ukurasani kwa pini. Hakuulizi unaishi jengo gani. Dini yako haimhusu, wala jina la mwajiri wako. Mlango wa pili ni wa ofisi ya kuchapa fomu za serikali, ile tunayoiita taiping. Huko unatoa pasipoti, viza, Emirates ID mbele na nyuma, picha yenye mandhari nyeupe, barua pepe, na mara nyingine mkataba wa nyumba. Kijana wa taiping ana haki ya kuvitaka vyote hivyo, kwa kuwa fomu ya serikali ndiyo inayoviuliza.

Wauza kozi wengi wa Afrika Mashariki hapa Dubai wanaendesha tovuti zao kama taiping, ilhali kazi yao ni ya fundi. Mtu anafundisha kupamba keki, au kuweka kucha, au Kiingereza cha usaili wa kazi, au Kiarabu cha Ghuba. Somo ni la video kumi na mbili na cheti cha mwisho. Lakini fomu ya kujiunga inauliza utaifa, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya pasipoti, kazi ya sasa, hali ya ndoa na picha ya kitambulisho. Ukimuuliza mwenye kozi anazihitaji za nini, anakwambia fomu aliikuta hivyo, aliinakili kwa mwenzake.

Na sera ya faragha nayo kainakili kwa mwenzake.

Yalinifika mwenyewe. Nilijiandikisha kwa kozi moja ya kompyuta, sitaitaja. Baada ya wiki tatu nikaanza kupigiwa simu na watu wanaouza nyumba, halafu nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu nisiowajua. Nikarudi kwenye tovuti nikafungua sera ya faragha. Ilikuwa ndefu, ya Kiingereza kizito, na aya ya tano ilinieleza haki zangu kama mkazi wa California. Mimi naishi nyuma ya barabara ya 2 Desemba, ile ambayo wazee wa hapa bado wanaiita Dhiyafah. Chini kabisa kulikuwa na anwani ya barua pepe ya kuombea kufutwa. Nikaandika. Barua ikarudi: anwani haipo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unaweza kukushangaza. Usianze kwa kuandika sera, anza kwa kuhesabu. Chukua daftari, jifanye mwanafunzi mpya, ujiandikishe kwenye kozi yako mwenyewe kuanzia tangazo hadi cheti. Kila unapoombwa kitu, kiandike. Kila unapopita mikononi mwa kampuni nyingine, iandike pia: aliyehifadhi tovuti, mwenye fomu, mtoa huduma ya malipo, wa barua pepe za matangazo, wa video. Tazama na vile visivyoonekana, yaani vidakuzi, na zile pikseli za mitandao ya kijamii zinazomwambia mwenye mtandao kwamba fulani alifungua ukurasa wa kozi yako saa fulani. Watu wengi wameziweka kwa sababu aliyewatengenezea tovuti aliziweka. Kama hujui pikseli fulani inakufanyia kazi gani, iondoe. Hutaikosa.

Katika kuhesabu huko utakuta mambo ambayo hukujua kuwa unayakusanya. Mfano ninaoupenda ni wa M-Pesa ya Kenya. Mwenye kozi aliye Satwa anamwambia mwanafunzi aliye Nakuru alipe kwa ndugu yake Nairobi, kisha atume picha ya ujumbe wa muamala. Ujumbe ule hauishii kwenye kiasi kilicholipwa. Mstari unaofuata unataja salio lililobaki. Kwa hiyo ndani ya simu yako, katikati ya picha za harusi na za chakula, unazo taarifa za salio la watu mia mbili. Hukuziomba, lakini unazo, na kisheria ziko mikononi mwako. Dawa yake ni nyepesi: omba msimbo wa muamala peke yake, zile herufi na tarakimu kumi, na ndugu yako aulinganishe na wa kwake.

Ukimaliza kuhesabu, futa. Tarehe ya kuzaliwa ya nini kwenye kozi ya keki? Kama unataka kujua kwamba mtu ametimiza miaka 18, muulize hivyo hivyo, ajibu ndiyo au hapana. Picha ya Emirates ID ya nini? Cheti kinahitaji jina kama mtu anavyotaka liandikwe. Basi.

Mnamo 2018 kampuni ya Marekani iitwayo Chegg, inayouza msaada wa masomo mtandaoni, iliibiwa taarifa za watumiaji wapatao milioni 40. Aliyeingia alikuwa mtu aliyewahi kuifanyia kazi kwa mkataba. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipoifungulia shauri mwaka 2022, ilieleza kwamba wafanyakazi na watu wa mkataba walikuwa wakitumia ufunguo mmoja wenye mamlaka yote kuingia kwenye hifadhi ya kampuni. Miongoni mwa yaliyochotwa yalikuwamo mambo ambayo vijana walijaza walipokuwa wakitafuta ufadhili wa masomo: dini, kipato cha wazazi, ulemavu. Jambo ambalo hukulichukua haliwezi kuibiwa kwako. Na kama kaka yako, mpiga picha wako na yule binti anayejibu ujumbe wote wanaingia kwa nenosiri moja, hilo libadilishe leo, kila mtu apewe lake, na anayeondoka lake lifungwe siku hiyo hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo sera za kunakili haziwezi kulijua, kwa sababu waliozitunga hawajawahi kuishi hapa.

Mwanafunzi wako ni nani? Mara nyingi ni dada anayefanya kazi za ndani, au mlinzi, au mhudumu wa hoteli, anayelala chumba cha vitanda sita, simu yake ikichajiwa mezani mbele ya wote. Laini ya simu huenda aliandikishiwa na mwajiri. Anasoma Kiingereza cha usaili kwa sababu anataka kuhama kazi, na mwajiri hajui. Kwa mtu huyu ujumbe unaojitokeza juu ya kioo cha simu ukisema "Hongera, umemaliza somo la jinsi ya kuandika barua ya kuacha kazi" ni hatari. Picha yake akiwa ameshika cheti, ukaibandika Instagram ukiwa umemtaja jina, inaweza kumfikia bosi kabla yeye hajarudi zamu. Tumezoea kudhani kwamba faragha ni neno la matajiri wa Jumeirah, ng'ambo ya barabara tu. Mimi naona kinyume. Mwenye nyumba ya ukuta mrefu ana pa kujificha hata taarifa zake zikivuja. Wa kitanda cha kupanga hana.

Kundi la WhatsApp ndilo linalovuja kuliko yote. Ukiwatia wanafunzi themanini kwenye kundi la kawaida, umewagawia watu themanini nambari za simu za watu themanini. Baada ya siku chache wanawake wanaanza kupata salamu za usiku kutoka kwa wanaume wasiowajua, na mjasiriamali mmoja amekwisha kunakili nambari zote auze kozi yake ya forex. Tumia chaneli ya WhatsApp, ambayo wafuasi hawaonani nambari, au orodha ya kutuma ambayo kila mmoja anapokea peke yake. Kama majadiliano ya pamoja ni sehemu ya somo na kundi haliepukiki, mwambie mtu kabla hajalipa kwamba nambari yake itaonekana, na umpe njia nyingine ya kusoma asipotaka. Kumwambia baada ya kumwingiza si kumwomba ridhaa.

Kwa kuwa simu za WhatsApp hazipigiki hapa, madarasa ya moja kwa moja wengi tunayafanyia Zoom au Botim. Kurekodi ni kuzuri, lakini rekodi sauti na kioo cha mwalimu peke yake, na waruhusu watu waingie kwa jina wanalolitaka. Hapa Imarati jambo la picha halina mchezo. Amri ya Sheria ya Shirikisho Na. 34 ya 2021, inayohusu uvumi na uhalifu wa mtandaoni, kifungu cha 44, inamwadhibu anayempiga mtu picha, kumrekodi au kumtangaza bila ridhaa na nje ya ruhusa za sheria: kifungo kisichopungua miezi 6, au faini ya kuanzia dirham 150,000 hadi 500,000, au vyote viwili.

Kenya nayo imekwisha kuonyesha kwamba picha zina bei. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza faini shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kilabu cha Casa Vera kikatozwa 1,850,000 kwa kubandika mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kustarehe. Wote wawili walikuwa wanatangaza biashara kwa sura za wateja wao, na ndivyo tunavyofanya sisi na "mahafali" yetu ya mtandaoni. Ridhaa ya picha iombwe peke yake, mbali na ridhaa ya kusoma. Kisanduku chake kiwe kitupu, mwanafunzi mwenyewe akijaze, na akikataa kozi iendelee vilevile.

Unaniuliza: mimi nipo Satwa, sheria ya Kenya inanihusu nini? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalowaponza wengi. Sheria hizi zinamfuata mwanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, Na. 24 ya 2019, inamgusa hata asiye na makao Kenya, ili mradi anachakata taarifa za watu walioko Kenya. Ya Uganda, ya mwaka huo huo, inakwenda mbali zaidi: inataja aliye nje ya Uganda anayekusanya taarifa za raia wa Uganda, kwa hiyo hata Mganda mnayepanga naye jengo moja hapa anaibeba sheria ya kwao mfukoni. Ukimuuzia kozi dada aliyeko Ujerumani, kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inakuhusu pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa 3 Aprili 2024. Ukiwa na biashara yako Dar au Arusha ambayo ndiyo inayopokea wanafunzi, isajilishe kwa Tume. Kenya pia ina usajili. Wadogo wenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 wamesamehewa, lakini msamaha huo hauwahusu wanaoendesha taasisi za elimu wala wanaoishi kwa matangazo ya moja kwa moja. Usijipe msamaha kabla hujauliza.

Na hapa tulipo? Imarati ina Amri ya Sheria ya Shirikisho Na. 45 ya 2021 ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza 2 Januari 2022. Inakushika wewe uliye ndani ya nchi, hata kama wanafunzi wako wote wako Mombasa. Leseni yako ikiwa ya DIFC, eneo lile la fedha lenye minara, unafuata sheria yao wenyewe, Na. 5 ya 2020. Sheria ya shirikisho inataka ridhaa iwe wazi, kwa lugha nyepesi, na mtu aweze kuiondoa kwa urahisi. Nayo inataka, kabla hujaanza kuchakata chochote, umweleze mtu mambo matatu: unachukua kwa lengo gani, utawapa akina nani ndani na nje ya nchi, na taarifa zikivuka mpaka zinalindwaje. Hili la tatu watu huliruka. Seva za fomu yako na za video zako huenda ziko Marekani au Ulaya. Sema hivyo.

Sasa ndiyo uandike. Andika kwa Kiswahili, kwa kuwa mwanafunzi wako anasoma Kiswahili, na uweke Kiingereza chake pembeni kwa ajili ya wasimamizi. Haihitaji kurasa kumi. Kwa kozi ya keki inaweza kuanza namna hii:

"Mimi ndiye mwenye kozi hii na ninaishi Dubai. Ukijiunga nachukua jina lako, barua pepe na msimbo wa malipo. Jina ni la cheti. Barua pepe ni ya kukutumia masomo. Msimbo ni wa kuhakiki kwamba umelipa. Masomo yamehifadhiwa kwenye seva zilizo nje ya Imarati, na kampuni inayozitunza naitaja hapa chini. Simuuzii wala simpi mtu mwingine taarifa zako atangaze biashara yake. Ukitaka kuona nilichonacho, kukirekebisha au kufutwa, niandikie kwa anwani hii, nami nitakujibu ndani ya siku saba."

Kila sentensi iliyomo humo unaweza kuulizwa, kwa hiyo usiandike usilolitenda. Ukiandika siku saba, ziwe saba. Kuahidi kwenye sera jambo usilolifanya ni kujifunga kamba mwenyewe, maana siku ya malalamiko sera yako ndiyo itakayosomwa kwanza. Usiahidi kufuta kila kitu pia. Sheria ya kodi ya mashirika ya Imarati inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 7, basi sema wazi: barua pepe yako nitaifuta, rekodi ya malipo itabaki kwa ajili ya kodi. Watu wanaelewa wakielezwa. Yakitokea ya kutokea, simu ikaibiwa au akaunti ikaingiliwa, waambie wanafunzi mara moja, tena wewe kabla ya mtu mwingine. Kenya inampa mkusanyaji saa 72 kumjulisha Kamishna, na Ulaya ni hizo hizo 72. Saa zinahesabiwa tangu ulipojua, Ijumaa na Jumapili zikiwemo.

Kozi ya watoto, iwe ya hesabu au ya tajwidi, mwombe mzazi ridhaa, na mawasiliano yote yapitie simu ya mzazi. Hapo sina la kuongeza.

La matangazo ninalo. Ule mtindo wa kuwapigia waliowahi kuuliza bei, usiku baada ya zamu, umepitwa na wakati. Tangu 27 Agosti 2024 Imarati ina kanuni mpya za kutangaza biashara kwa simu: saa zinazoruhusiwa ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, na mtu binafsi haruhusiwi kutangazia biashara watu kwa laini iliyoandikishwa kwa jina lake. Subiri mteja akutafute, au mwachie kisanduku cha kuchagua kupokea habari. Na tukiwa hapo: sera nzuri haiwi leseni. Kufundisha kwa malipo Dubai kuna vibali vyake. Kibali cha mwalimu binafsi kilichotangazwa Desemba 2023 ni cha bure na cha miaka miwili, lakini ni cha masomo ya wanafunzi nje ya shule. Kozi ya kibiashara ina mlango mwingine, Idara ya Uchumi na Utalii, na vituo vya mafunzo huangaliwa na KHDA, mamlaka ya elimu ya Dubai. Ulizia kabla hujaulizwa.

Yule fundi wangu wa cherehani, daftari lake likijaa, huchana kurasa za zamani na kuzitupa. Nikarudi baada ya miaka miwili ananipima upya, na ni sawa, kwani hata kiuno kimebadilika.

Leo usiku kabla hujalala, tumia simu ya rafiki yako kutuma ombi la kufutwa kwa anwani iliyo kwenye sera yako. Kisha hesabu siku, uone kama kuna atakayejibu.